Tamasha Bagamoyo: uende na simu janja, na kitochi, au mikono mitupu kama sisi zamani?

Binti wa kaka yangu alinipigia wiki iliyopita kwa simu ya video, uso umejaa kioo chote. Shikamoo, marahaba, na hata sijamaliza kumuuliza habari za nyumbani akaingia kwenye lake. Yeye na wenzake watatu wa chuo wanakwenda Tamasha la Bagamoyo, na wameamua kwenda kizamani. Simu zote zinabaki bwenini, siku tatu bila mtandao, kazi yao iwe ngoma tu. "Kama nyinyi, shangazi. Nyinyi mlifaidi bwana."

Nikamwambia anipe siku mbili tatu. Ningemjibu palepale ningesema uongo, ama wa kusifia ama wa kuponda. Mimi ni mtu wa Tanga. Kati ya mwaka 1994 na 1999 nilikwenda tamasha lile mara nne bila simu ya aina yoyote. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia nchini, na aliyekuwa nayo alikuwa mtu wa Dar mwenye gari, ameichomeka kiunoni makusudi ionekane. Tangu nimiliki simu janja nimekwenda mara tatu. Namna zote mbili nimezila, moja ikiwa na chumvi nyingi na nyingine haina kabisa. Nayaandika haya kwa ajili yake, na kwa yeyote mwenye wazo kama lake.

Kwa asiyelijua, tamasha hili lilianza mwaka 1982, mwaka mmoja tu baada ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo kuanzishwa. Chuo ndicho hiki ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa kifupi TaSUBa. Kiko ufukweni, njia ya kwenda Kaole, na tamasha ni la siku kadhaa za ngoma za makabila, sarakasi, maigizo na muziki wa bendi. Enzi zetu lilikuwa Septemba, upepo wa kusi unaanza kulegea, usiku una ubaridi kidogo wa bahari.

Njiani

Ukitazama ramani, Tanga na Bagamoyo ni pwani moja. Unadhani unashuka tu na bahari mkono wa kushoto. Lakini katikati kuna Wami na Ruvu, na wakati ule gari la abiria lilizunguka bara: Tanga, Segera, Chalinze, hadi Dar es Salaam. Hapo unalala kwa ndugu, asubuhi unaanza kurudi kaskazini kuitafuta Bagamoyo kwa barabara ya vumbi. Kilomita sabini hivi kutoka Dar, na siku mbaya zilitula nusu siku.

Mwaka 1995 gari letu lilikufa Mapinga. Fundi akaingia chini, akatoka, akaingia tena, kisha akaondoka na baiskeli ya mtu kwenda kutafuta kifaa. Hakuna aliyejua atarudi lini, na wa kumuuliza hayupo. Tulikaa chini ya mkorosho tangu saa tatu mpaka saa tisa. Mama mmoja wa Kerege alikuwa na kapu la mihogo mibichi ya kupeleka kwa mwanawe. Ilipofika saa saba akasema mwanangu atanisamehe, akaanza kuigawa. Tuliitafuna mibichi hivyo hivyo, kwa chumvi ya kuomba nyumba ya jirani. Hadi leo namkumbuka yule mama kuliko hata baadhi ya ngoma nilizoziona jioni yake.

Leo gari likifa, kondakta anapiga simu na jingine linakuja. Abiria wanainamia vioo vyao, hakuna anayemjua mwenzake, na baada ya nusu saa mko njiani. Je, nitaitaka tena mihogo ile? Kuisimulia naitaka. Kukaa saa sita juani na maji yamekwisha, hapana.

Ila tusiipe simu sifa isiyokuwa yake. Kinachonifikisha Bagamoyo siku hizi kutoka Tanga ni lami ya Msata, zile kilomita 64 zinazokatisha moja kwa moja bila kwenda kuzunguka Dar. Nakunywa chai Tanga, mchana nakula samaki Bagamoyo. Nimesikia wengi wakiisifia simu kwa raha ambazo ni za barabara, na wengine wakiilaumu kwa mambo ambayo ni uzee wao tu.

Kukutana na kupotezana

"Tukutane mwembeni saa kumi." Hiyo ndiyo ilikuwa programu yetu ya ramani. Sasa Bagamoyo yote ni miembe. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikaa chini ya mwembe mmoja na mimi chini ya mwingine, kati yetu kuna ukuta na wauza mishikaki, kila mmoja akimlaani mwenzake kimoyomoyo. Nilikuja kumpata saa moja na nusu usiku, baada ya mshereheshaji kutangaza jukwaani kwamba kuna dada kutoka Tanga, amevaa kanga ya rangi ya samli, anamtafuta kaka yake. Watu walicheka. Tangazo langu lilikuja baada ya la watoto wawili waliopotea, na mmoja wao alikuwa analia kwa sauti ya kushinda kipaza sauti.

Lakini ahadi ya siku zile ilikuwa na uzito. Ukisema saa kumi unakwenda saa kumi, kwa sababu huna njia ya kusema "nachelewa kidogo". Siku hizi ahadi ni mazungumzo yasiyokwisha. Mara "niko karibu", mara "nasogea", mara "umeshatoka?" Kisha mnafika uwanjani, mko hatua hamsini mmoja na mwingine, kila mtu simu sikioni na kidole sikio la pili, mnapigiana kelele ya "nipungie mkono!" huku Wasukuma wako jukwaani na majembe yao kwenye bugobogobo. Na watu wakishakuwa wengi mtandao unaelemewa. Intaneti inagoma kwanza, simu ya kawaida inapatikana kwa kubahatisha, na meseji fupi ndiyo inayopenya. Mwaka wa mwisho nilipokwenda, ramani za watu zote zilikuwa zinazunguka tu kiooni. Tulikutana kwa meseji ya maneno mawili: "Geti kubwa."

Meseji ya maneno mawili haihitaji simu janja. Hilo lishike, nitalirudia.

Kusikiliza

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo zamani inapoishinda leo, tena kwa mbali.

Wacha nikueleze ilivyokuwa kabla ya ngoma kuanza. Nyuma ya jukwaa vijana wanakoka moto wa makuti. Moto mdogo tu, wa kuwaka na kuzima. Ngoma zinaletwa, ngozi zinaelekezwa motoni, mmoja anaigonga kwa vidole, tu, tu, anatega sikio, anarudisha. Unyevu wa bahari huilegeza ngozi, basi lazima ikazwe kwa joto. Kidogo kidogo ile sauti inapanda, inaacha kuwa ya gunia la mchanga na kuwa ya ngoma. Sisi tulikwenda kukaa pale kutazama tu. Robo saa, nusu saa. Hatukuwa na kingine cha kutazama. Siri yetu ilikuwa hiyo tu: tulikuwa hatuna kingine cha kufanya, na wala hatukuwa na adabu kubwa ya kusikiliza kuliko nyinyi.

Kisha usiku mmoja akapanda Hukwe Zawose. Mgogo huyu aliishi Bagamoyo na kufundisha pale chuoni, akafariki Desemba 2003, na wakati ule nchi za watu zilikuwa zinamjua kuliko mitaa ya Tanga. Alikuwa na njuga miguuni. Alianza na sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeongea na nafsi yake, halafu ile sauti ikapanda, ikapanda, ikafika mahali unajiuliza kama bado ni ya mwanamume mmoja. Jumba la maonyesho la wakati ule ndilo lile lililoungua mwaka 2002. Watu wamejaa mpaka nje, na kimya kiliingia ambacho sijakisikia tena kwenye mkusanyiko wowote isipokuwa msikitini. Hakuna aliyenyoosha mkono juu. Kati ya macho yangu na mtu yule hakukuwa na kitu.

Linganisha na mwaka wangu wa juzi juzi. Wanawake wa Kigogo wameingia na muheme, ngoma zimebanwa katikati ya mapaja, mikono inakwenda kama mvua ya mawe. Mbele yangu vioo arobaini, hamsini, vyote vimewaka, kila kimoja kina muheme mdogo ndani yake. Na mimi nimo. Nilirekodi dakika kumi na moja. Unajua nimeitazama mara ngapi? Mara moja, kwenye gari la kurudi. Mkono unatetemeka, nusu ni kisogo cha kijana mmoja mwenye kofia, na ngoma ile iliyokuwa inanigonga kifuani inasikika kama mtoto anapiga debe jikoni. Kipaza sauti cha simu hakiwezi kuubeba mshindo wa ngoma kubwa, kinauponda. Kwa dakika kumi na moja nilikuwa namtazama Mgogo wa inchi sita na huku mzima yuko mbele yangu.

Nijipinge mwenyewe kidogo, ili iwe haki. Mimi na kaka yangu tunabishana kila Idi. Mimi nasema usiku ule Zawose alishika ilimba, ile marimba yake kubwa ya vidole. Yeye anaapa kwamba alishika zeze, hata anaigiza alivyokuwa analisugua. Tulikaa bega kwa bega. Hatuna picha wala kanda ya kutuamua, na mmoja wetu kwa zaidi ya miaka 25 amekuwa akisimulia kitu ambacho hakikutokea. Pengine wote wawili. Na huyu binti aliyenipigia amemjua Zawose kupitia wapi? Kwenye simu yake hiyohiyo, kwa kuwa mtu mwingine alimrekodi na kumpandisha mtandaoni.

Basi kurekodi kuna faida. Ila pima: wanaorekodi wapo hamsini mbele yako, na kesho yake video zao utazikuta mtandaoni. Wa hamsini na moja hana kazi pale.

Picha

Kwa ufupi. Filamu ya picha 36, ukiwa na bahati ya kuwa na kamera. Sisi hatukuwa nayo, tukampa hela mpiga picha mmoja aliyekuwa anazunguka uwanjani na daftari. Akatupiga wawili tumesimama na bahari nyuma, akaandika anwani ya sanduku la posta la mwajiri wa baba, akasema wiki mbili. Nangoja. Simu janja hapa imeshinda na sina la kuitetea zamani.

Sauti ilikuwa hadithi nyingine. Tulibeba redio kaseti ya nyumbani na mawe yake manne makubwa, tukabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kurekodi kanda ya dakika 90. Ukiisikiliza unamsikia kaka yangu akikohoa, mwanamke akiuliza nani kamkalia kanga yake, na kwa mbali sana, sindimba. Redio iliila kanda ile mwaka uliofuata. Nayo redio yenyewe ninayo la kuisemea zaidi, nitalifikia.

Usiku

Wanaosimulia raha ya zamani wengi ni wanaume. Angalia vizuri utaona. Hata kwenye yale matamasha ya Ulaya na Marekani yanayosifiwa ni hivyo hivyo. Woodstock ya Agosti 1969 walikusanyika watu zaidi ya laki nne, mvua ikanyesha, uwanja ukawa tope, chakula kikaisha, na bado simulizi inayovuma ni ya gitaa na mapenzi. Aliyekaa na mtoto kwenye tope lile hakuombwa kusimulia.

Basi nisimulie mimi. Tuliwahi kufika Bagamoyo saa kumi na mbili jioni na nyumba ya wageni tuliyoagiziwa na mtu haina nafasi. Kuweka nafasi kabla kungehitaji barua, na barua tuliandika, na barua haikufika. Ya pili imejaa. Ya tatu mwenyewe akatutazama, msichana na mvulana, akatuuliza cheti cha ndoa, tukamweleza sisi ndugu, akacheka. Tukaishia barazani kwa familia moja ya Magomeni, hapohapo Bagamoyo, ambayo hatukuwahi kuijua, mkeka mmoja, kanga yangu ndiyo shuka. Mbu wa Bagamoyo hawana haja ya sifa. Nilirudi Tanga na malaria, nikapewa klorokwini, na aliyemeza klorokwini enzi zile anajua kujikuna kunakofuata: unatamani ukute ukuta wa chokaa ujisugulie mgongo.

Na umeme ukikatika. Katikati ya umati, giza totoro, watu elfu wanasema "aaah!" kwa pamoja, na ndani ya ile "aaah" mikono ya watu inaanza kutembea pasipoitwa. Kila mwanamke wa rika langu anaijua ile dakika. Tulikuwa tumefundishwa: umeme ukikata, rudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta au mgongo wa mwenzio, viwiko nje. Hatukuwa na wa kumpigia. Tochi alikuwa nayo mlinzi, na mlinzi alikuwa getini.

Leo umeme ukikata, taa za simu mia zinawaka kabla hujamaliza kushtuka. Msichana anamwandikia dada yake "nimefika salama" na dada analala. Dereva wa bajaji unampigia anakufuata getini. Ukiniuliza ni nini cha zamani nisingependa mtoto wetu akione, ni ile dakika ya giza. Hapa sina mizani ya kupimia. Sasa ni bora, kwa kila namna.

Hela nazo ni hivyo hivyo, nisikuchoshe. Sisi tulizikunja kwenye kibindo na soksi, na siku ya tatu noti zinanuka miguu. Ukiibiwa umeibiwa na nauli. Leo ziko kwenye namba ya siri.

Habari za nyumbani

Septemba 1996 tulikwenda mimi na kaka, tukakaa Alhamisi mpaka Jumapili. Ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote. Tulicheza mdundiko na Wazaramo mpaka ukanda wa kiatu changu ukakatika, nikaendelea pekupeku.

Jumatatu usiku tukafika Tanga, Ngamiani. Tulipokata kona ya nyumbani niliona turubai. Vijana walikuwa wanalifungua kamba, na viti vya kukodi vimepangwa juu ya mkokoteni. Walikuwa wanaanua matanga. Bibi yetu, mama yake mama, alifariki Ijumaa usiku akazikwa Jumamosi baada ya adhuhuri. Yaani saa zile kiatu kinakatika.

Walijaribu kutupata. Walipiga simu Dar kwa ndugu tuliyelala kwake, kupitia ofisini kwa mtu, wakaambiwa tulishaondoka. Jumamosi wakatoa tangazo Radio Tanzania, kwenye matangazo ya vifo, yale yanayomalizika kwa "habari ziwafikie ndugu na jamaa popote pale walipo". Jina langu lilisomwa. Nchi nzima ilinisikia nikitafutwa. Na redio tulikuwa nayo, iko mapajani mwa kaka yangu, mawe mapya. Lakini ilikuwa inarekodi ngoma.

Sijasema hili ili kumtisha mtu. Nalisema kwa sababu vijana wakitamani "kukatika na dunia" huwa wanaona upande mmoja tu, kwamba dunia haitawasumbua. Dunia nayo inashindwa kuwafikia. Zamani hatukuchagua kukatika, tulikatwa. Wewe unayechagua unaweza kuchagua mpaka wapi, na hiyo ni nafasi ambayo sisi hatukuwa nayo.

Sasa uchukue ipi

Mikono mitupu kabisa simshauri mgeni. Labda uwe mtu wa Bagamoyo mwenyewe, nyumbani ni Dunda au Mwanakalenge, mama anajua uko wapi na ukichoka unatembea kurudi. Huyo aache simu nyumbani, afaidi. Mwingine yeyote atamgeuza mwenzake kuwa simu yake: "hebu nikopeshe nipige mara moja." Siku ya pili atachukiwa.

Simu janja nampa anayekwenda peke yake, hasa msichana, hasa mara ya kwanza. Nampa pia mwenye mtoto mdogo, mwenye mgonjwa nyumbani, na anayefanya kazi ya picha kwa kweli. Asione haya. Lakini ajipe sharti la mahali: ngoma ikiwa jukwaani simu iko mkobani, zipu imefungwa. Nimejaribu "nitarekodi kidogo tu". Hakuna kidogo. Ukishainyanyua unaanza kutafuta pembe nzuri, halafu mwanga, halafu unajibu aliyekuandikia "uko wapi?", na Wamakonde wameshamaliza.

Kwa kundi la marafiki wanne kama la binti yetu, mimi ni mtu wa kitochi. Naona wengine wanacheka, lakini tazama. Kina tochi, ile dakika ya giza imekwisha. Kinapokea meseji hata mtandao umeelemewa. Chaji inakaa siku tatu bila kumwomba muuza soda soketi. Hela unatoa na kulipa kwa menyu ileile ya *150*00# kama uko Vodacom, bila intaneti. Kikianguka kwenye mchanga unakipangusa. Na hakina kitu cha kukutamanisha ukiangalie, na hilo ndilo tulilokuwa nalo sisi bila kujua kwamba ni mali.

Matatizo yake ni madogo lakini yanaudhi, na hakuna anayekuambia mapema. Laini yako ya simu janja ni ile ndogo kabisa, kitochi kingi kinataka kubwa. Tafuta kile kifremu cha plastiki cha kuivalisha kabla ya kuondoka, usije ukaibandika kwa selotepu ikakwamia humo (nimefanya). Namba za watu hazitahama na laini, ziko kwenye akaunti ya simu yako. Ziandike kwenye karatasi: nyumbani, wenzako wote watatu, mwenye nyumba ya wageni, bajaji. Nafasi ya kulala iweke ukiwa bado na simu janja, ulipe, uandike jina la aliyekupokea. Tiketi kama imekuja kwa mtandao, ichapishe. Na kati ya wanne, mmoja awe na simu janja imezimwa ndani ya begi chumbani, kwa dharura. Mmoja tu, tena yule mwenye roho ngumu, si yule anayesema "ngoja nicheki kitu".

Nayo picha moja mtaitaka, msijidanganye. Wapiga picha bado wanazunguka uwanjani, na hawa wa leo wanakutumia palepale. Mpe namba ya shangazi, nitaipokea mimi.

Jana nimemtumia kwa basi kitochi changu cha zamani, kifremu kimo ndani, pamoja na kanga moja nzito, kwa kuwa barazani hawezi kujua atalala lini. Sharti ni moja. Jina langu likitokea kwenye kile kioo kidogo, apokee, hata kama Wagogo wako jukwaani.